Chumba Kinachomngoja Mgeni: Ibada na Nafasi katika Ujenzi wa Asili wa Kijapani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa nne, na tasnifu yangu inahusu nyumba za asili za Kijapani. Kila ninakosoma naambiwa chumba chao ni kitupu kwa sababu ya falsafa ya Zen. Maelezo hayo hayanitoshi. Je, ni ibada iliyoumba nafasi, au nafasi ilikuwapo kwanza ndipo ibada zikatafuta pa kukaa? Na kama ni ibada, mbona chumbani hamna kitu?"

Marahaba. Usione haya kutoridhika. Nilipokuwa na umri wako maelezo hayohayo hayakunitosha hata mimi.

Nianze na swali lako la mwisho. Chumba cha Kijapani ni kitupu kwa sababu kuna mgeni anayengojwa. Anaweza kuwa mungu, anaweza kuwa marehemu wa ukoo, anaweza kuwa jirani aliyealikwa chai. Anakuja, anapokewa, anaondoka, na akishaondoka vyombo vyake vinatolewa. Picha ulizoziona vitabuni zimepigwa kabla mgeni hajafika, au akiwa ameshaaga. Zen, tawi la Ubuddha, imo, sikatai, hasa katika vyumba vya chai na bustani za mahekalu. Lakini Zen ilishika mizizi Japani karne ya 12 na ya 13, na jambo ninalotaka ulione lilikuwapo zamani kabla ya hapo. Ili ulione, tutoke kwanza ndani ya nyumba, twende kwenye kiwanja ambacho bado hakijajengwa.

Nilipokuwa nasoma Kyoto, fundi seremala mmoja alinialika asubuhi kwenye kiwanja chembamba kilichobanwa kati ya nyumba mbili. Mianzi minne mibichi, yenye majani yake, ilikuwa imesimikwa kwenye pembe nne. Kamba ya majani ya mpunga ilizungushwa kutoka mwanzi hadi mwanzi, na vipande vya karatasi nyeupe vilivyokunjwa mshazari vilining'inia juu yake. Katikati palikuwa na meza ya mbao, na juu yake tawi la mti wa sakaki, mchele, chumvi, maji, sake (pombe ya mchele), samaki mzima na mboga. Tulinawa mikono kabla ya kuvuka kamba. Dakika moja kabla tulikuwa tunabishana bei ya saruji. Tulipovuka, kila mtu alishusha sauti bila kuambiwa.

Kuhani wa Shinto, dini ya asili ya Kijapani, akatoa sauti moja ndefu, "ooo", kumwita kami, yaani mungu au roho anayeabudiwa, ashuke juu ya lile tawi. Kando palikuwa na kichuguu cha mchanga kilichochomekwa nyasi. Msanifu wa jengo akachukua mundu wa mbao, akaigiza kufyeka zile nyasi mara tatu, kila mara akisema "ei!". Mwenye nyumba akafuata na jembe, mkandarasi na sepetu. Kisha kuhani akatoa sauti ile ile ndefu kumsindikiza kami arudi alikotoka, tukanywa sake kidogo, na haikupita nusu saa mianzi ikang'olewa, kamba ikaviringwa, gari likaondoka. Pakabaki udongo na alama za miguu yetu.

Tambiko hilo linaitwa jichinsai, kuituliza ardhi. Hufanywa mpaka leo, hata kwa viwanda na maghorofa marefu. Mji wa Tsu ulipolifanya mwaka 1965 kwa ajili ya ukumbi wake wa michezo, mwananchi mmoja alikwenda mahakamani akidai fedha za umma zimetumika kwa dini, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyoamua mwaka 1977 kwamba ile ilikuwa desturi ya kijamii na katiba haikuvunjwa. Lakini nakuomba uitazame sherehe ile kama msanifu. Ina nguzo nne, ina mpaka, ina mahali pa kuingilia na pa kunawia, ina kitovu. Ina kila kitu kinachohitajika kuitwa jengo isipokuwa paa na kuta, na ilidumu nusu saa. Hapo ibada haikutafuta pa kukaa: ilipaumba mahali, ikapatumia, ikapafungua.

Ndivyo zilivyoanza hata jinja, yaani mahali patakatifu pa Shinto. Hapo kale halikuwapo jengo la kudumu la kami. Kulikuwa na mwamba, mti au kipande cha ardhi kilichozungushiwa kamba, ambapo kami alialikwa kwa siku ya tambiko. Neno la kale yashiro, linalotumika kwa jinja, kwa asili ni "mahali pa nyumba", na halikuwa jina la nyumba yenyewe. Majengo ya kudumu yalienea zaidi baada ya Ubuddha kuingia karne ya 6 na mahekalu yake makubwa. Ukienda jinja ya Omiwa, mkoa wa Nara, utaona hali hiyo ya kale ikiwa hai: hakuna chumba cha kami. Kuna ukumbi wa kusalia, kuna lango la torii tatu zilizounganishwa, na nyuma yake ni mlima Miwa wenye miti mikubwa. Mlima ndio kami alipo, na ukumbi umeelekezwa kwake.

Sasa Ise, mkoa wa Mie, ambako ningekaa nawe siku nzima kama ingewezekana. Pana jinja kuu mbili: Naiku ya Amaterasu, kami wa jua, na Geku ya Toyouke, kami wa chakula. Kila moja ina viwanja viwili vya ukubwa mmoja, bega kwa bega. Kimoja kina jengo. Cha pili kimetandazwa kokoto, na katikati yake kuna kibanda kidogo cha mbao kilichofungwa. Kibanda hicho kinafunika mahali pa shin no mihashira, nguzo ya moyo, ambayo husimama chini ya sakafu katikati ya jengo. Nguzo hiyo haibebi sakafu wala paa. Kihandisi haina kazi, na bado ndiyo inayosimikwa kwa tambiko la usiku, mbali na macho ya watu.

Kila baada ya miaka 20 jengo jipya hujengwa kwenye kiwanja kitupu, sawa na la zamani kiungo kwa kiungo. Kami huhamishwa, la zamani hubomolewa, na kiwanja chake kinakuwa ndicho kinachongoja. Jambo hili lilianza mwaka 690, enzi za Malkia Jito. Lilikatika kwa zaidi ya miaka 120 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe karne ya 15 na 16, likarudi. La mwaka 2013 lilikuwa la 62, na lijalo ni la 2033.

Usidhani wanangoja mpaka mwaka wenyewe. Matambiko ya zamu ya 2033 yalianza Mei 2025, kwa kuomba ruhusa kwa kami wa milimani ili waingie kukata miti. Mwezi uliofuata ilikatwa miti ya kwanza ya hinoki, jamii ya msipresi, katika milima ya Kiso. Wakataji hutumia shoka tu. Wanatoboa shina kutoka pande tatu mpaka matundu yakutane moyoni mwa mti, hata mti unabaki umesimama kwa miguu mitatu myembamba kama kigoda. Kisha mguu mmoja unakatwa, na mti unalala pale pale walipokusudia. Mti ukishaanguka, kitawi cha kileleni hukatwa na kuchomekwa kwenye kisiki, na wakataji husali mbele yake.

Kati ya siku hiyo na kuhama kwa kami kuna matambiko zaidi ya 30: kuvuta magogo, kusimika nguzo, kupandisha boriti ya kilele cha paa, kuezeka nyasi. Soma orodha hiyo kama msimamizi wa ujenzi, utashangaa: ratiba ya kazi na ratiba ya ibada ni moja. Hakuna hatua ya ujenzi ambayo ni kazi tupu, na matambiko yenyewe mengi yana mbao, kamba au nyasi ndani yake. Nguzo zinachimbiwa ardhini bila msingi wa mawe, na paa ni la nyasi, kwa hiyo jengo kweli linachakaa. Miaka 20 pia inatosha fundi aliyejifunza akiwa kijana kuongoza mara ya pili na kufundisha akiwa mzee. Watu hupenda kuchagua sababu moja kati ya hizo. Mimi naona ni kosa kuzitenganisha, maana anayeamini kwamba kami anastahili nyumba isiyochakaa ndiye huyohuyo anayemrithisha mwanawe shoka.

Mwaka 2013, kabla ya kami kuhamia, wakazi wa Ise waliruhusiwa kuingia kwenye uwanja wa ndani, kila mmoja amebeba jiwe jeupe la mtoni lililofungwa kwenye kitambaa cheupe, na kuliweka chini kuzunguka jengo jipya. Baada ya kami kuhamia hawakanyagi tena hapo. Fikiria mtu wa kawaida ambaye jiwe lake liko mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika. Usiku wa tarehe 2 Oktoba taa za Naiku zikazimwa. Kuhani akaiga kuwika kwa jogoo mara tatu, na msafara ukatoka gizani, kami akiwa amezungukwa na pazia la hariri nyeupe, mpaka kiwanja cha jirani. Ni mwendo mfupi sana kwa miguu.

Nguzo kubwa mbili zilizoshika kilele cha paa la zamani hazitupwi. Hurandwa upya na kuwa torii kwenye daraja la Uji, lango la kuingilia Naiku. Zikimaliza miaka 20 hapo hupelekwa kuwa torii kwingine, kwenye njia za kale za mahujaji. Ukiuliza jengo la Ise lina umri gani, utapata jibu la miaka michache au la miaka zaidi ya 1,300, na yote mawili ni sahihi. Mwaka 1994 wataalamu wa hifadhi ya majengo walikutana Nara na kukubaliana kwamba uhalisia wa urithi unaweza kukaa kwenye matumizi, mila na ufundi, wala si kwenye mbao peke yake. Tafuta tamko la mkutano huo ulisome kwa makini, litakufaa.

Turudi nyumbani kwa mtu wa kawaida. Sisi tukimkaribisha mgeni tunasema pita, ingia ndani. Mwenyeji wa Kijapani husema "panda juu". Amesema kweli, kwa sababu baada ya mlango kuna genkan, sehemu ya chini yenye sakafu ya udongo au mawe, na sakafu ya nyumba imeinuliwa. Viatu vinabaki chini, na adabu ni kuvielekeza ncha kwenye mlango. Mpaka wa nyumba ni ile ngazi. Mlango umekuja kabla yake. Kila ngazi inayofuata inaendelea kusema jambo. Mbao za barazani, waitako engawa, ziko juu ya ardhi ya bustani, na mikeka minene ya tatami mara nyingi iko juu kidogo ya mbao. Tokonoma, ile pango ya ukutani yenye picha ya kuning'iniza au maandishi na ua, mara nyingi huinuliwa tena, na hakuna anayeikanyaga. Mgeni mkubwa huketi mbele yake, akiipa mgongo. Katika kasri la Nijo, Kyoto, shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliketi kwenye sakafu iliyoinuliwa hatua moja tu juu ya mabwana wengine. Hatua hiyo moja ilitosha.

Katika nyumba nyingi za wakulima, vyumba vinne vilipangwa kama dirisha la vioo vinne. Kuta za kati ni fusuma, paneli nyepesi zinazosukumwa pembeni na zinazoweza kung'olewa kabisa. Siku ya kawaida ni vyumba vinne. Siku ya arusi au msiba, fusuma zinatolewa, na panakuwa ukumbi mmoja wa ukoo mzima. Hata mikeka ina mpangilio wake: siku za heri na za kila siku inapishana ili pembe nne zisikutane mahali pamoja, na desturi ya zamani ilikuwa kuipanga upya kwa msiba, pembe zikikutana. Marehemu analazwa kichwa kikiwa kaskazini, na ndiyo sababu wengi mpaka leo hawalali wakielekeza kichwa huko. Sehemu nyingi za vijijini jeneza halikupitishwa genkan. Lilitolewa kupitia barazani, moja kwa moja hadi uani. Baraza hiyohiyo ndiyo iliyowapokea wafu wanaporudi siku za Obon, moto mdogo ukiwashwa nje kuwaonyesha njia. Na mapema Februari, kwa Setsubun, watu hutupa maharage ya soya yaliyokaangwa mlangoni na vyumbani wakipaza sauti: mashetani nje, baraka ndani! Nje na ndani hapo vinatamkwa kwa nguvu, chumba baada ya chumba, mara moja kila mwaka.

Kwa hiyo unapotazama chumba kitupu chenye tatami, elewa kwamba fanicha ingekiharibu. Kitanda kingesema hiki ni chumba cha kulala. Basi arusi ifanyike wapi?

Chumba cha chai ni jambo hilo likiwa limekamuliwa mpaka tone la mwisho. Taian, kilichoko kwenye hekalu la Myokian, Yamazaki, kinahusishwa na Sen no Rikyu, bingwa wa sanaa ya chai, na ni cha miaka ya 1580. Eneo la wageni na mwenyeji ni mikeka miwili tu. Kukifikia chumba cha namna hii unapita njia ya bustani iitwayo roji. Jiwe dogo lililofungwa kamba nyeusi kama kifurushi likikaa juu ya jiwe la kukanyagia, maana yake usipite hapa. Hakuna ukuta wala kufuli, na hakuna anayepita. Unachutama kunawa kwenye birika la jiwe lililowekwa chini makusudi. Kisha unafika kwenye nijiriguchi, kimlango ambacho kwa kawaida kina kimo cha sentimita 66 hivi na upana wa 63. Samurai aliacha upanga wake nje, kwenye kishikio chini ya ukingo wa paa. Huwezi kuingia hapo ukiwa umesimama hata ukiwa nani. Magoti na viganja vinatangulia, na unapoinua kichwa, kitu cha kwanza unachokiona ni maandishi kwenye tokonoma.

Karamu kamili ya chai huchukua takriban saa nne na ina sehemu mbili. Katika ya kwanza, pazia za matete hufunika madirisha kwa nje. Chumba ni chenye kiza, na tokonoma ina maandishi. Chakula kikiisha, wageni hutoka bustanini kupumzika. Mwenyeji anafagia, anaondoa maandishi, anaweka ua moja. Wageni huitwa kwa kengele, wanarudi kwa kutambaa tena kupitia kimlango kilekile, na sasa pazia zinakunjwa, mwanga unaingia. Kuta ni zilezile na mikeka ni ileile, lakini hakuna mgeni atakayekuambia amerudi chumba kilekile. Mimi nilijifunza zaidi kuhusu dirisha katika dakika hizo kuliko katika muhula mzima wa darasani. Desemba jiko la maji linakuwa limezamishwa sakafuni. Kuanzia Mei tundu lake linafunikwa na jiko la kubebeka linawekwa juu ya mkeka, mbali zaidi na mgeni kwa sababu ya joto, na kwa kuhama kwa jiko kila mtu anahama mahali pake.

Utakutana na neno ma. Herufi yake ni lango lenye jua ndani yake, na maana yake ni nafasi kati ya vitu viwili, ya mahali au ya muda: kati ya nguzo na nguzo, kati ya mpigo wa ngoma na mpigo unaofuata. Lilijulikana sana nje ya Japani baada ya maonyesho ya msanifu Arata Isozaki mjini Paris mwaka 1978. Litumie, ila usiligeuze kuwa uganga. Ukiandika "hapa pana ma", andika pia ni kati ya nini na nini, na nani anapita hapo.

Tahadhari nyingine: usiifanye Japani yote kuwa tupu na nyeupe. Jinja ya Toshogu kule Nikko, iliyojengwa upya mwaka 1636, imejaa dhahabu, rangi na michongo ya wanyama. Msanifu Mjerumani Bruno Taut, aliyefika Japani mwaka 1933, aliisifu Ise na kasri la Katsura na kuibeza Nikko, na uamuzi wake umetawala vitabu vingi unavyovisoma. Nikko nayo ni nyumba ya mgeni anayengojwa. Mgeni wake ni shogun Tokugawa Ieyasu aliyefanywa kami, na alipokewa kama shogun.

Swali lako la kipi kilitangulia, basi: kiwanjani na jinja, ibada ilitangulia, nami nalisema bila kusita. Nyumbani mambo yamefumana. Ngazi ya genkan ilizuia tope na unyevu kama ilivyotenga nje na ndani, na sioni faida ya kuvitenganisha hivyo viwili. Unachoweza kukiona wazi ni kinachotokea ibada ikihama. Misiba siku hizi hufanyiwa kumbi za mazishi, arusi hotelini, na maghorofa mapya mengi hayana tokonoma. Katika nyumba nilimopanga, tokonoma ilikuwa imewekwa televisheni. Iliniuma, ingawa namuelewa mwenye nyumba. Alikuwa na pango ukutani isiyo na mgeni.

Kwa tasnifu yako, usianze na ramani ya sakafu. Chora mkato mmoja mrefu kutoka barabarani hadi tokonoma, ukionyesha kila badiliko la kimo kwa sentimita, na mchoro wa mtu kwenye kila hatua: akiwa na viatu, akiwa amevivua, akiwa amesimama, akiwa amepiga magoti. Kisha chora nyumba hiyohiyo siku ya msiba: fusuma zimeng'olewa, mikeka imepangwa upya, kichwa cha marehemu kiko kaskazini, na jeneza linatoka kwa barazani. Weka michoro hiyo miwili ukurasa mmoja, ndipo uanze kuandika.